Shajara ya mradi: karatasi moja ya shingo

Kazi: karatasi moja, pande mbili, ya kubandikwa ukutani katika chumba cha fiziotherapia cha hospitali ya wilaya. Watumiaji ni mtaalamu wa fiziotherapia, tabibu wa wagonjwa wa nje na muuguzi. Inahusu diski za shingo (mito laini iliyo kati ya pingili) zilizochakaa tu: nani afanye mazoezi, nani avutwe shingo, nani apewe dawa gani, na nani asiguswe bali apelekwe rufaa siku hiyohiyo.

Wiki ya 1

Rasimu ya kwanza ilianza na picha: "Angalia eksirei au MRI, kisha…" Imefutwa yote.

Sababu ni kwamba picha ya shingo huonyesha ubovu hata kwa mtu asiyeumwa. Watafiti wa Japani waliwapiga MRI watu 1,211 wasio na dalili yoyote, wakachapisha matokeo mwaka 2015: asilimia 87.6 walikuwa na diski iliyovimba kutoka mahali pake. Karatasi inayoanza na picha itamtibu karibu kila mwenye umri wa makamo, pamoja na aliyeleta bega bovu au kisukari kilichoingia kwenye neva. Maneno "spondilosisi ya shingo" kwenye ripoti ya eksirei yanasema umri wa mfupa. Maumivu yanatoka wapi, hayasemi.

Rasimu mpya inaanza na miguu na mikono, kwa swali moja: kilichobanwa ni mzizi wa neva unaotokea pembeni, au ni ugwe wenyewe wa fahamu unaoshuka katikati ya mfereji wa pingili? Hayo ni magonjwa mawili yenye njia mbili tofauti. Mzizi ukibanwa, mgonjwa anaumia sana, ila mara nyingi hupona bila kisu. Ugwe ukibanwa, mgonjwa huenda asiumie hata kidogo, na huyo ndiye wa kuharakishwa. Mpangilio wa foleni hapa ni kinyume kabisa: anayelia hupita kwanza, na anayejikwaa kimyakimya hukaa kwenye benchi.

Wiki ya 2

Sehemu ya ugwe. Tumeiweka juu kabisa, kwa herufi nene.

Maswali yameandikwa kama yanavyoulizwa, maana "Je, una udhaifu wa viungo?" hujibiwa "hapana" na watu wanaoburuza mguu. Toleo linalofaa: "Shikamoo mzee. Vifungo vya shati unafunga mwenyewe siku hizi? Ndala inakuvuka bila wewe kujua? Usiku ukitembea gizani unayumba? Mkojo ukibana unawahi?" Kwa akina mama: kuchambua mchele, kushona, kuhesabu sarafu sokoni. Mkono unaoangusha sarafu ni dalili kubwa kuliko shingo inayouma.

Vipimo vinne, dakika tano, bila kifaa zaidi ya kinyundo cha maungio:

Kukunja na kukunjua ngumi kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye ugwe mzima hufikisha mara 20 au zaidi. Hesabu kwa sauti na utumie saa ya ukutani. Anayekunjua nusunusu huhesabiwa zile zilizokamilika tu.

Kipimo cha Hoffmann: shika kidole cha kati cha mgonjwa, mkono ukiwa umelegea, kisha ufyatue ukucha wake kuelekea chini. Kidole gumba kikijikunja chenyewe, andika. Kosa la kawaida ni kumshika mgonjwa kwa nguvu mpaka anakaza mkono, kipimo kinakuwa hakina maana.

Kukwaruza unyayo, kwa ncha ya nyuma ya kinyundo, kutoka kisigino kupita ukingo wa nje. Dole kubwa likipanda juu, andika.

Kutembea kisigino kwa kidole, hatua 10, muuguzi akiwa ubavuni. Walioanguka kwenye kipimo hiki walikuwa peke yao.

Viwili vikiwa na kasoro pamoja na maelezo yanayofanana, hakuna trakisheni (kuvuta shingo kwa uzito), hakuna kukandwa shingo, ni rufaa. Ukali hupimwa kwa jedwali la mJOA, linalopima mikono, miguu, hisia na mkojo, lenye alama 18: 15 hadi 17 ni hali nyepesi, 12 hadi 14 ni ya kati, 11 kushuka chini ni kali. Mwongozo wa kimataifa wa 2017 unashauri upasuaji kwa hali ya kati na kali. Kwa nyepesi, upasuaji au mazoezi ya kusimamiwa, na mgonjwa akizidiwa anahamia upande wa upasuaji. Lengo kuu la upasuaji huo ni kusimamisha kuharibika. Wengi hurudishiwa kiasi cha nguvu, lakini ugwe uliobanwa miaka haurudi kama zamani, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya kusafiri kwenda hospitali kubwa za MOI, KCMC au Bugando.

Wiki ya 3

Sehemu ya mzizi. Hitilafu ya wiki: mchoro wa kwanza ulikosea namba. Pingili za shingo ni 7, neva ni jozi 8. Kila neva ya shingo hutokea juu ya pingili yenye namba yake, isipokuwa ya 8 inayopita chini ya pingili ya 7. Kwa hiyo diski iliyo kati ya pingili ya 5 na ya 6 hubana neva ya 6, na iliyo kati ya 6 na 7 hubana neva ya 7. Hao wawili ndio wanaokuja zaidi, wa 7 akiongoza. Aliyezoea kiuno huchanganyikiwa hapa, maana kule hesabu ni nyingine.

Ramani iliyobaki ukutani:

Neva ya 5: ganzi juu ya bega, mkono haupandi kuning'iniza nguo kwenye kamba.
Neva ya 6: ganzi ya kidole gumba na cha shahada, kukunja kiwiko na kuinua kiganja kumelegea.
Neva ya 7: ganzi ya kidole cha kati, msuli wa nyuma ya mkono umelegea, hawezi kusukuma mlango mzito au kujiinua kitini kwa mikono.
Neva ya 8: ganzi ya kidole cha mwisho, kushika funguo na kukamua nguo kumelegea.

Kisha vipimo vinne vya mzizi: kubana kichwa kikiwa kimeinamia upande unaouma (kipimo cha Spurling, tangu 1944), kunyoosha neva ya mkono mzima, kuinua kichwa kwa mikono miwili na kuuliza kama maumivu yanapungua, na kugeuza shingo upande unaouma, je inafika nyuzi 60? (Isipofika, kipimo kimekubali.) Vyote vinne vikikubali, uwezekano wa mzizi kubanwa unafika kama asilimia 90. Vitatu, karibu 65. Cha kunyoosha neva kikiwa safi, tafuta ugonjwa mwingine: neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono, bega, kisukari. Spurling usifanye kabla ya vipimo vya wiki ya 2. Kukandamiza kichwa cha mwenye ugwe uliobanwa ni kumtafutia balaa.

Ishara moja ya bure: mgonjwa anayeingia mlangoni ameweka kiganja juu ya kichwa. Mkao huo huilegeza neva, naye ameugundua mwenyewe.

Wiki ya 4

Fupi. Kisanduku chekundu cha magonjwa yanayojifanya diski: kifua kikuu cha pingili, homa ya ng'ombe kwa wafugaji, saratani iliyosambaa, kuvunjika kwa walioanguka na pikipiki. Dalili: homa, jasho la usiku, kukonda, maumivu ya usiku yasiyobadilika kwa mkao wowote, VVU, saratani ya zamani, ajali. Hapa picha na vipimo vya damu hutangulia.

Wiki ya 5 na 6

Mazoezi. Tumekaa hapa wiki mbili kwa sababu kila mtu anadhani anajua.

La kwanza ni la misuli ya ndani ya mbele ya shingo. Mgonjwa analala chali, magoti yamekunjwa, anafanya kama anayeitikia "ndiyo" kidogo sana, kidevu kikishuka bila kichwa kunyanyuka. Vyuoni huwa na mfuko maalumu wenye geji. Hatuna. Badala yake: mkanda wa mashine ya presha wa mtoto, wa geji ya mshale, uliokunjwa mara mbili na kuwekwa chini ya uwazi wa shingo karibu na kisogo. Jaza hadi 20, kisha mgonjwa aitikie mpaka mshale ufike 22, ashike sekunde 10. Akiweza mara 10 bila kutetemeka, panda 24, na kuendelea hadi 30. Vistari vya geji ni viwiliviwili, kwa hiyo kipimo kinatosha.

Yaliyoharibika: mkanda wa mtu mzima ni mpana, unasukuma shingo juu. Mkanda wenye valvu inayovuja hushusha mshale, mgonjwa akafikiri amechoka. Ujaribu kwanza chini ya kitabu kwa dakika mbili. Na mshale ukiruka ghafla hadi 34, mgonjwa anakandamiza kichwa badala ya kuitikia. Weka vidole viwili kwenye kano nene za pembeni ya koo: zikisimama kama kamba, anadanganya, mrudishe 22.

La pili ni mabega: kuvuta viwiko nyuma kwa mpira, seti 3 za mara 10, kutwa mara moja. Mpira ni tyubu ya baiskeli iliyokatwa kwa urefu, upana wa vidole vitatu, ikaoshwa unga wake, kwani unga huo huwasha ngozi. Tyubu yenye kiraka hukatikia kwenye kiraka na kumpiga mtu usoni. Tupa.

La tatu ni kutelezesha neva, na hapa ndipo watu huumizwa. Halivuti neva, linaipitisha tu. Mkono ukinyooka, kichwa kinainamia upande huohuo. Mkono ukikunjwa, kichwa kinarudi. Mara 10, polepole. Ganzi ikibaki zaidi ya dakika chache baada ya kuacha, umezidisha. Punguza mnyoosho nusu.

Kilichoondolewa: kuzungusha kichwa duara zima. Kurudisha kichwa nyuma na kukigeuzia upande unaouma hufinya tundu lilelile ambalo neva inapita.

Tumeongeza pia mstari mmoja mkali kuhusu kunyongwa shingo kwenye viti vya vinyozi mpaka ilie "ka!". Mlio ni gesi kwenye maungio, haurudishi diski. Mshipa wa damu unaopanda ndani ya pingili kwenda ubongoni unaweza kuchanika kwa mzunguko ule wa ghafla. Ni nadra, lakini matokeo yake ni kiharusi.

Wiki ya 7

Trakisheni ya mlangoni. Vifaa: fremu ya mbao imara, bano la chuma lenye makapi mawili, kamba ya mita 3 isiyonyumbuka, hatamu ya kitambaa ya kichwa, fimbo ya sentimita 30 ya kutanua hatamu isibane masikio, na dumu la lita 5. Maji yanarahisisha hesabu: lita moja ni kilo moja, pamoja na uzito wa dumu tupu unaopimwa kwenye mizani mara moja na kuandikwa kwa kalamu ya rangi ubavuni.

Kiwango: kilo 3.6 hadi 5.4, dakika 15 hadi 20, shingo ikiwa imeinama mbele kiasi cha nyuzi 24. Anza na lita 3 na nusu. Kichwa chenyewe kina kilo 4 na nusu hadi 5, kwa hiyo kwa aliyeketi uzito mdogo kuliko huo unapunguza mzigo tu, hauachanishi pingili.

Kosa lililotokea katika majaribio, nalo limo hata kwenye picha za vifaa vya madukani: mgonjwa kaketishwa mgongo ukiutazama mlango. Kamba ikamvuta nyuma, shingo ikapinda, matundu yakafinyika, ganzi ikashuka mpaka vidoleni. Mgonjwa AUTAZAME mlango. Tumechora nyayo mbili sakafuni kwa rangi, sentimita 30 kutoka mlangoni, ili asiyesoma karatasi naye aelekezwe.

La pili: hatamu kuvutia kidevuni. Taya linauma siku mbili. Mvuto mkubwa uwe kisogoni. Kidole kipite kwa urahisi kati ya kidevu na kitambaa. La tatu: kamba ya nailoni ilipopitishwa juu ya ubao bila kapi, msuguano ulikula sehemu kubwa ya uzito, na mgonjwa "hakusikia kitu". Akaongezewa maji. Kapi lilipowekwa, uzito ule ukawa mwingi mno.

Asivutwe: mwenye dalili za ugwe, kisanduku chekundu cha wiki ya 4, baridi yabisi ya maungio, mifupa dhaifu ya uzeeni, kizunguzungu cha kugeuza shingo. Jaribu kwanza kwa mikono: maumivu yasipopungua unapoinua kichwa, dumu halitasaidia. Utafiti wa Marekani wa 2014 uliona mazoezi pamoja na mashine ya kuvuta yakishinda mazoezi peke yake. Mashine si dumu, kwa hiyo tumeandika "jaribu mara 6, isiposaidia acha".

Wiki ya 8

Dawa. Mgonjwa haanzi kwetu. Amekwisha kunywa diklofenaki ya duka la dawa, na amechomwa sindano za vitamini B tatu au tano. Kwa hiyo mstari wa kwanza ni: muulize amekunywa nini, afungue mfuko.

Ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 baada ya chakula, siku 7 hadi 10, kisha simama. Parasetamoli gramu 1, isizidi gramu 4 kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki kwa pamoja ni dawa moja iliyorudiwa. Faida haiongezeki, vidonda vya tumbo vinaongezeka. Hatari kubwa zaidi hapa ni mzee anayetumia enalapril au losartan pamoja na kidonge cha kukojoza, kisha akaongezewa diklofenaki: mambo matatu hayo yanaangusha figo.

Maumivu ya kuwaka moto yanayozuia usingizi: amitriptilini miligramu 10 saa mbili kabla ya kulala, ipandishwe hadi 25. Si kwa mzee mwenye tezi dume inayobana mkojo, na dereva wa bodaboda aanze siku asiyoendesha asubuhi. Gabapentini huanza na miligramu 300 usiku. Figo mbovu, dozi ndogo zaidi. Prednisoloni ya siku chache hupunguza maumivu makali ya mwanzo, lakini ni uamuzi wa daktari, baada ya kuuliza kisukari na kifua kikuu.

Vitamini B: inatibu upungufu wa vitamini B. Haiondoi diski juu ya neva.

Wiki ya 9

Kola, mto, mzigo.

Kola (mkanda wa kushikilia shingo) ngumu kiasi, mchana, wiki 3, kisha kuiachia kidogokidogo wiki 3 nyingine. Hivyo ndivyo ilivyofanyiwa utafiti Uholanzi kwa watu 205 wenye maumivu mapya ya mzizi, na kwa wiki 6 kola na mazoezi yote yalishinda kungoja tu. Inayoonekana mitaani ni kola laini inayovaliwa miezi minne. Misuli inalala, shingo inazidi kuuma, mtu anaikaza zaidi.

Mto mmoja. Alalaye ubavu, mto ujaze pengo kati ya sikio na godoro, basi. Kulala kifudifudi hakuna.

Mzigo kichwani tumebishana. Rasimu ilisema "Usibebe kitu kichwani", amri ambayo mama anayechota maji hawezi kuitii. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa cha kilo 5, na uchunguzi wa eksirei nchini Ghana umeonyesha uchakavu zaidi kwa wabebaji. Yaliyoandikwa sasa: wiki 6 za mwanzo hakuna mzigo kichwani, madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, au toroli. Akirudi kubeba: ndoo ya lita 10, ngata pana, mtu wa pili wa kumtwika na kumtua. Shingo hupata msukosuko mkubwa kwenye kutwika na kutua kuliko kwenye kutembea.

Wiki ya 11

Sindano na upasuaji. Havifanyiki hapa, lakini mgonjwa anauliza hapa.

Muda kwanza. Wengi wenye mzizi uliobanwa hupata nafuu kubwa ndani ya miezi 4 hadi 6. Kipande cha diski kilichotoka hutafunwa na seli za mwili wenyewe na kusinyaa. Katika takwimu za Rochester, Minnesota, za 1976 hadi 1990, asilimia 26 walipasuliwa, na asilimia 90 ya wote walipofuatiliwa walikuwa wazima au na usumbufu mdogo. Wa kupelekwa: nguvu za msuli daraja la 3 kati ya 5 au chini yake, udhaifu unaoongezeka wiki hadi wiki, maumivu yasiyovumilika baada ya wiki 6 hadi 12 za tiba iliyofuatwa kweli. Na wote wa wiki ya 2.

Sindano ya steroidi karibu na mzizi ifanywe chini ya picha ya eksirei inayotembea, na anayeifanya kila siku. Steroidi yenye chembechembe ikiingia mshipa wa ateri shingoni huziba damu ya ubongo au ya ugwe. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo. Deksamethasoni haina chembe hizo. Sindano ya shingo inayotolewa kwa kupapasa, bila picha, mgonjwa aikatae.

Upasuaji wa mbele: diski inatolewa kupitia mkato wa koo na pingili mbili zinaunganishwa kwa kipande cha mfupa au kizimba (kifaa cha kujaza nafasi ya diski), mara nyingi na sahani ya skrubu. Mbinu hiyo ni ya miaka ya 1950 na bado ndiyo nguzo. Kumeza kwa shida wiki za kwanza ni kawaida: uji, mtori. Sauti kukwaruza pia. Shingo ikivimba na pumzi ikibana saa za mwanzo, hiyo ni damu imejaa ndani, ni dharura. Sigara huzuia mfupa kuungana. Pingili za jirani huchukua mzigo: ufuatiliaji uliochapishwa 1999 ulikuta karibu asilimia 2.9 kwa mwaka wakipata dalili mpya za jirani.

Diski bandia huacha shingo icheze. Haifai kwa mwenye maungio ya nyuma yaliyochakaa sana au mifupa dhaifu, na bei yake inaiweka mbali na wengi wa wilaya hii. Kupanua tundu kwa nyuma hufaa kipande laini cha pembeni, bila kuunganisha chochote. Ugwe uliobanwa ngazi nyingi hufunguliwa kwa nyuma kwa kugeuza mapaa ya pingili kama mlango, mbinu ya Wajapani ya miaka ya 1970.

Utafiti wa Sweden uliolinganisha upasuaji pamoja na mazoezi dhidi ya mazoezi peke yake uliona waliopasuliwa wakipona haraka mwaka wa kwanza, na tofauti ikipungua kufikia mwaka wa pili. Mgonjwa anunue kasi hiyo akijua bei.

Wiki ya 12

Karatasi imebandikwa, plastiki juu. Yaliyobaki: fomu ya rufaa bado ina nafasi ya "matokeo ya MRI" na haina nafasi ya idadi ya ngumi kwa sekunde 10, tumeichapa upya, inasubiri muhuri. Mkanda wa presha wa mtoto umeazimwa na wodi ya watoto haujarudi. Kapi la pili limeanza kupiga kelele, litiwe grisi kabla ya Jumatatu.